Kadi ya debiti au ya krediti: tunachowaambia wateja wetu wapya Louisville

Wateja wengi wanaokuja ofisini kwetu kujaziwa fomu za kodi ya mapato huwa na bahasha nyingine mkononi. Benki imewaandikia kwamba wamekubaliwa kupewa kadi ya krediti, na hawajui waijibu au waichane. Kazini wameambiwa Marekani huwezi kuishi bila krediti. Nyumbani wazee wanawaambia wasithubutu kugusa deni la benki.

Msimamo wetu tunautoa mapema: kuwa na zote mbili, kila moja uipe kazi yake, na ile ya krediti usiichukue mpaka uwe na uhakika wa kulipa bili yake yote kila mwezi.

Kadi ya debiti inatumia pesa zilizomo kwenye akaunti yako. Aliyetoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Nakivale au Kakuma anaielewa upesi, kwa sababu pesa za simu alizozoea zinafanya kazi vivyo hivyo: salio likiisha, hununui. Kadi ya krediti inatumia pesa za benki. Unanunua leo, taarifa inakuja mwisho wa mwezi, na kisheria lazima itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Kwa kadi nyingi, ukilipa deni lote kabla ya tarehe hiyo, manunuzi yako hayatozwi riba hata senti moja.

Shida inaanzia kwenye kile kiasi cha chini kinachoandikwa kwenye taarifa. Mtu anaona dola 35, analipa, anaamini amemaliza mambo ya mwezi huo. Riba ya kadi nyingi sasa inapita asilimia 20 kwa mwaka. Chukua deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24: riba ya mwezi mmoja tu ni karibu dola 20. Kwa hiyo katika zile 35 ulizolipa, deni lenyewe limepungua kwa dola 15 hivi, na mwezi ujao unaanza karibu palepale. Ndiyo maana tunapomsaidia mteja kupanga malipo ya otomatiki, tunachagua deni lote, si kiasi cha chini.

Upande ambao kadi ya krediti inaishinda ya debiti waziwazi ni wizi. Kadi ya debiti ikipotea au ikiibwa, ukiripoti ndani ya siku 2 za kazi tangu ugundue, sheria inasema hasara yako isizidi dola 50. Ukichelewa, inaweza kufika dola 500. Na ukikaa zaidi ya siku 60 tangu utumiwe taarifa inayoonyesha wizi huo bila kusema kitu, yatakayoibwa baada ya hapo yanaweza kuwa mzigo wako wote. Kwa kadi ya krediti kikomo cha hasara yako ni dola 50, na benki nyingi hazidai hata hizo.

Lakini jambo linalowaumiza wateja wetu zaidi ni kusubiri. Mwizi akitumia krediti yako, mnagombana na benki kuhusu pesa za benki. Akitumia debiti, pesa zilizotoka ni za kodi ya nyumba na za chakula. Benki ina siku 10 za kazi za kuchunguza, na kwa akaunti mpya ni 20; ikihitaji muda zaidi, kwa kawaida inapaswa kukurudishia pesa kwa muda wakati inaendelea. Siku 10 za kazi ni wiki mbili. Wizi ukitokea tarehe 28, mwenye nyumba hatasubiri uchunguzi uishe. Kwa hiyo dukani mtandaoni, hotelini, kwenye kukodi gari na kwenye pampu ya petroli, tumia krediti. Pampu inaweza kushikilia hata dola 175 kwanza, ingawa umejaza za 30, na kwa debiti hizo ni pesa zako zinazozuiwa mpaka hesabu ikamilike.

Hapa tuseme jambo la familia. Ukimpa ndugu kadi yako ya debiti pamoja na namba ya siri akanunue mkate, naye akatoa dola 400, benki itasema wewe mwenyewe ulimruhusu. Ulinzi tulioueleza hapo juu haukusaidii mpaka uwe umeiarifu benki kwamba mtu huyo haruhusiwi tena. Tunajua kumnyima ndugu ni vigumu. Mpe pesa taslimu, kadi ibaki mfukoni mwako.

Kutuma pesa nyumbani ni kazi ya debiti au ya akaunti ya benki. Benki nyingi zinapoona umelipa kampuni ya kutuma pesa kwa kadi ya krediti, zinahesabu kama umetoa fedha taslimu: kuna ada, mara nyingi asilimia 5, na riba inaanza siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe ya mwisho ya kulipa. Mtu anatuma dola 300 Bukavu kwa ajili ya matibabu, kisha anashangaa bili. ATM nayo vilevile: usitoe pesa humo kwa kadi ya krediti.

Kwa nini basi uichukue kabisa? Kwa sababu debiti haijengi historia yako ya krediti, yaani kumbukumbu ya jinsi unavyolipa madeni, hata ukiitumia miaka 10. Mwenye nyumba anayekagua maombi yako na muuza magari anayekupa mkopo wanaangalia ripoti za Equifax, Experian na TransUnion, makampuni matatu yanayotunza kumbukumbu hizo. Wakimbizi wengi wana mwanzo ambao hawaujui: mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, hauna riba, na malipo yake huripotiwa. Ulipe kwa wakati. Malipo yakichelewa siku 30 yanaweza kuingia kwenye ripoti na kubaki humo miaka 7.

Kwa anayeanza tunapendekeza kadi ya krediti ya dhamana. Unaweka benki, tuseme, dola 200, na kikomo chako cha kununua kinakuwa hizohizo 200. Wengi hudhani dhamana ndiyo inayolipa bili. Hailipi, bili unailipa wewe, na dhamana inakaa kando mpaka ufunge akaunti au benki ikuamini na kukurudishia. Nunua vitu vichache, taarifa isionyeshe zaidi ya dola 60, lipa zote. Alama za FICO, namba inayopima historia yako ya krediti, zinahitaji akaunti iliyofikisha angalau miezi 6, hivyo usikate tamaa mwezi wa tatu. Kabla ya kusaini, uliza kama wanaripoti kwa makampuni yote matatu.

Wateja wetu Waislamu wanatuuliza kuhusu riba. Sisi tunaeleza mkataba ulivyo, ikiwemo kwamba anayelipa deni lote hatozwi. Uamuzi wa dini ni wa kumuuliza sheikh wako, na hatumsukumi mtu.

Ukitaka tusome barua ya benki pamoja, ilete kabla hujaijibu, pamoja na taarifa za akaunti za miezi miwili ili tuone kama mshahara wako unaweza kulipa bili yote. Ripoti za krediti tunazifungua nawe kwenye annualcreditreport.com, ambako ni bure; atakayekudai pesa kwa ripoti hizo, mkatalie. Kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili ofisi hujaa watu wa kodi, kwa hiyo kwa mambo ya kadi njoo Jumamosi asubuhi.