Mgonjwa wa akili anapokataa kukatwa mguu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu ufundishaji wa maadili ya tiba. Mwanafunzi wa udaktari hukaririshwa kanuni nne: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru na kutenda haki. Kwenye mtihani anazijibu vizuri. Akipelekwa wodini, akakutana na mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta sauti na imani zisizo za kweli, anayekataa upasuaji, zote nne zinamponyoka. Kwenye faili anaandika mstari mmoja: "Mgonjwa wa akili, ndugu asaini."

Mstari huo ndio ulionifanya niandike. Mihadhara zaidi haitaufuta. Kesi mbili za Uingereza zikisomwa pamoja, kikao kimoja, huenda zikaufuta.

Ya kwanza ni ya 1993. Mzee wa miaka 68 mwenye skizofrenia alikuwa anashikiliwa Broadmoor, hospitali ya ulinzi mkali. Mguu wake ukapata donda ndugu. Daktari wa upasuaji akakadiria kuwa asipokatwa chini ya goti, nafasi yake ya kupona ni asilimia 15 tu. Mzee akakataa. Na huyu alikuwa akiamini kuwa yeye mwenyewe ni daktari wa kimataifa ambaye hajawahi kufiwa na mgonjwa! Jaji Thorpe hakuishia kwenye jina la ugonjwa. Aliuliza mambo matatu: ameelewa na kuyashika aliyoelezwa? Ameyaamini? Ameyapima mpaka akafikia uamuzi? Mzee alijua hali ya mguu wake, na alikubali kwamba anaweza kufa. Hospitali ikazuiwa kuukata bila ridhaa yake ya maandishi.

Ya pili ni ya 1997. Mjamzito wa siku za mwisho, mtoto ametanguliza mguu. Upasuaji aliukubali, alichokataa ni sindano, kwa hofu iliyomzidi. Hakuwa na kichaa chochote. Mahakama ya Rufaa iliona kwamba kwa wakati ule hofu ilikuwa imemnyima uwezo wa kuamua.

Basi mwenye skizofrenia anao uwezo, na asiye na kichaa hana. Darasa likikwama hapo, somo ndiyo limeanza. Uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja, saa ile ile.

Wanafunzi wanane na dakika 90 zinatosha. Ficha hukumu. Toa kwanza umri na mguu, wapige kura. Kisha toa ile imani yake ya udaktari, wapige tena. Mwisho badilisha kitu kimoja: mzee sasa anasema mguu ni mzima, ila madaktari wameupaka rangi nyeusi. Jibu linageuka, maana imani potofu imegusa jambo lenyewe linaloamuliwa. Mwalimu anayeanza kwa kusoma hukumu amekiua kikao.

Wodini, ondoa vizuizi kabla ya kupima. Kama usiku alichomwa diazepam, dawa ya kutuliza, subiri iishe nguvu. Pima sukari, joto na malaria. Aliyechanganyikiwa kwa homa huenda kesho akawa mzima. Kama anazungumza Kisukuma au Kigogo tu, tafuta mkalimani asiye ndugu yake. Halafu usimuulize "Umeelewa?" Atakujibu "Ndiyo, daktari" hata kama hakushika neno. Muulize hivi: "Wa nyumbani wakitaka kujua daktari kasema nini, utawaambiaje?" Rudi baada ya nusu saa, uulize tena. Maneno yake yaandike yalivyotoka. "Haelewi" ni maoni yako, si maneno yake.

Kosa linalonikera zaidi ni kumtilia shaka yule tu anayekataa. Anayekubali kila kitu kwa upole na kuweka dole gumba hapimwi na mtu, kumbe huenda ameitikia sauti anayoisikia yeye tu. Ndugu naye aulizwe historia, maana anaijua kuliko sisi. Lakini kwa mtu mzima mwenye uwezo, saini ya kaka haishiki nafasi ya saini yake.

Jambo jingine kwa walimu wenzangu. Kesi adimu hujitambulisha yenyewe. Ukisema darasani "mwalimu mstaafu wa kijiji fulani anayeamini mkewe amebadilishwa, aliyebaki ni mtu anayefanana naye tu", umefuta jina, lakini wilaya nzima inamjua. Badilisha umri, kazi, mahali na mwaka. Usiguse kile kinachoamua jibu. Asiyeweza kufanya hivyo atumie hukumu zilizochapishwa. Wale wawili wa Uingereza mahakama iliwaita kwa herufi tu, C na MB.

Mwalimu wa maadili ya tiba,
Dodoma