Mpangaji wa fremu halipi kodi: nianzie wapi kisheria?

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Salamu kutoka Kirumba, Mwanza. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo changu nilikijengea fremu tatu za biashara kando ya barabara ya kwenda mwaloni, yaani wanapotia nanga wavuvi na kuuza dagaa, na kodi ya fremu hizo ndiyo inayotulisha mimi na mke wangu na kuwasomesha wajukuu tunaoishi nao. Fremu mbili hazina shida. Ile kubwa ya kona ndiyo inayoninyima usingizi.

Mpangaji wangu wa pale anauza vifaa vya uvuvi: nyavu za dagaa, kamba, maboya, taa za sola na betri zake. Tuliandikishana mkataba wa miaka mitatu kuanzia tarehe 1 Julai 2023, shilingi 400,000 kwa mwezi, zilipwe kwa miezi sita sita, yaani 2,400,000 kila Januari na kila Julai. Mkataba unasema akichelewesha kodi zaidi ya siku 30 nina haki ya kuuvunja. Unamkataza pia kumpangisha mtu mwingine bila idhini yangu ya maandishi. Tulisaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kila mmoja na shahidi wake.

Mwaka wa kwanza alilipa bila kusukumwa. Julai 2024 akaleta nusu. Januari 2025 hakuleta kitu, na sasa Julai nyingine imeingia. Hata nikiacha kipindi hiki kipya, deni ni 3,600,000.

Sababu yake kila nikimfuata ni mbalamwezi. Wa ziwani mnaelewa: dagaa huvuliwa wakati wa giza, kwa taa, na mwezi ukiwaka mitumbwi inakaa nchi kavu. Wavuvi waliokopa nyavu kwake wanakuwa hawana cha kumlipa. "Mwalimu, subiri giza liingie nitakumalizia," ndivyo anavyoniambia. Nilimvumilia kwa sababu anachosema ni kweli. Lakini giza limeshaingia na kutoka mara nyingi, malori yamepakia magunia ya dagaa pale mwaloni mbele ya macho yetu sote, na kwangu haijafika hata shilingi.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Kwenye baraza ya fremu hiyo hiyo kuna kijana wa uwakala wa pesa za simu, na meza yake na mwavuli. Nilidhani ni ndugu yake. Siku moja nikamuuliza kwa upole, naye bila kificho akanifungulia daftari: kila mwezi anamlipa mpangaji wangu shilingi 80,000, tarehe zimeandikwa, na saini ya mpokeaji naifahamu vizuri, ndiyo ile iliyo kwenye mkataba wetu. Kwa hiyo jengo langu linaingiza kodi, ila anayeipokea ni yule anayeniambia hana hela. Sikumgombeza yule kijana, hana kosa. Ila nauliza: nikimtoa mpangaji, huyu kijana naye anatoka kwa amri hiyo hiyo, au ni shauri lingine?

Ipo na kodi ya zuio. Mwaka ule wa kwanza, kila alipolipa alikata asilimia 10, akasema anaipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa niaba yangu. Sheria ndivyo inavyomtaka, sina ubishi. Lakini cheti cha kuonyesha kwamba imefika hajanipa mpaka leo, na hesabu yake ni 480,000. Kama hakuipeleka, je, naiingiza kwenye deni ninalomdai, au hilo ni la TRA na yeye?

Mdogo wangu ananiambia nipige kufuli jipya usiku, asubuhi atanitafuta mwenyewe na hela mkononi. Sitaki. Mle ndani kuna mali ya mtu, na si yake peke yake, maana wavuvi humwachia betri zao azichaji. Nikifunga, na kesho akasema kulikuwa na nyavu za mamilioni na fedha kwenye droo, mimi ndiye nitakayesimama kujieleza. Hata hivyo nataka kulijua hili kwa uhakika kutoka kwa wanasheria: haki ya kuvunja mkataba inanipa na haki ya kufunga mlango, au mlango unafungwa kwa amri tu na mkono wa dalali wa mahakama?

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni karani kwa wakili, amenifungua macho kidogo. Ameniambia kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 lazima nitangulize notisi kabla ya kumtoa mpangaji, hata mkataba uwe umeandikwaje. Notisi niliiandika, nikaipeleka mwenyewe. Akasema, "Iweke hapo mezani, mzee," akaendelea kumpimia mteja kamba. Kusaini kwamba ameipokea akakataa. Je, hiyo inahesabika imefika, au niirudie kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa wakili?

Karani huyo pia amesema mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Wetu haujapita TRA. Ushuru ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa hiyo kwangu ni kama 48,000, na hiyo naweza kuitafuta. Ninachoomba kujua ni kama nikiulipia sasa, miaka miwili baada ya kusaini, mkataba utasimama sawasawa mbele ya baraza la ardhi au mahakama.

Ninapochanganyikiwa zaidi ni pa kuanzia. Wengine wananiambia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 naruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengine wanasema hakuna mgogoro wa ardhi hapa, hakuna anayebisha kwamba fremu ni yangu, hili ni deni la kawaida la mkataba, niende Mahakama ya Mwanzo. Mimi nataka vyote viwili, fremu yangu na fedha zangu. Naogopa nikikosea mlango nitaambiwa miezi baadaye kwamba pale hapakuwa mahali pake, nianze upya.

Na muda sina. Rafu za dukani zinazidi kuwa tupu. Robota za nyavu zilizokuwa zimepangwa mpaka darini zimebaki za chini tu, na bidhaa mpya sioni zikiingia. Akihamisha vilivyobaki akaenda zake visiwa vya huku ziwani, hukumu nitaipeleka kwa nani? Je, baraza au mahakama inaweza kuzuia mali zisiondolewe kabla shauri halijaisha, na mimi nathibitisheje kwamba anakusudia kuondoka?

Niseme na hili ili mnishauri mkijua hali yote. Mama yangu alipofariki, huyu bwana ndiye aliyetafuta gari la kupeleka mwili Magu, na alikaa nasi msibani hadi mwisho. Simtakii mabaya. Akikubali mbele ya wasuluhishi kulipa kwa awamu nitakubali, ilimradi karatasi tutakayosaini iwe na nguvu ya kumbana bila mimi kuanza kesi mpya. Naomba mnieleze karatasi ya namna hiyo huandikwaje na husajiliwa wapi.

Jana amenipigia simu, anasema Ijumaa ataniletea 500,000 "za kupoza". Nyumbani tunazihitaji. Lakini notisi yangu imeshatoka, na nimeambiwa kwamba mwenye nyumba akipokea kodi baada ya notisi anaweza kuhesabiwa amesamehe kosa na mkataba unaendelea. Je, nizipokee? Na nikizipokea, niandike nini kwenye risiti ili notisi isife?

Mwalimu Mstaafu,
Kirumba, Mwanza