Kizuri hakijiuzi: barua kwa mpwa wangu mwenye maboksi uvunguni

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa kabisa, maana dakika saba si mchezo. Nilichoelewa ni kwamba vitabu 500 vimetoka kwa mchapaji, kama 60 hivi vimeondoka, vingine vyote viko kwenye maboksi uvunguni mwa kitanda, na mama yako ameanza kuuliza lini atapata pa kuweka masufuria yake. Nawe ukiambiwa uvitangaze unajibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Halafu ukamalizia kwamba wewe ni mwandishi, si mpiga debe.

Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuuza vitabu. Embe bivu hujiuza kwa sababu harufu yake inafika kabla yake. Kitabu kikishafungwa, kizuri na kibovu hulala mezani sawasawa, kama mayai. Na hao wapiga debe unaowakwepa stendi, biashara yetu imetembea nao tangu mashine ya kuchapa ilipokuwa bado kitu cha ajabu.

Mtu aliyeipeleka mashine hiyo Uingereza ni William Caxton, mfanyabiashara wa vitambaa. Mnamo mwaka 1477 hivi alichapa kijikaratasi cha tangazo, kama sentimita 15 kwa 8. Weka simu yako mezani uitazame, ndio ukubwa wenyewe. Alikuwa anauza kitabu cha kuwaelekeza mapadri ibada gani inafuata siku gani, kwa utaratibu wa kanisa kuu la Salisbury. Anasema kwamba mtu yeyote, awe wa kanisani au wa mtaani, akikitaka na aje Westminster, kwenye nyumba yenye alama ya mstari mwekundu, atakipata kwa bei nafuu. Chini kabisa akaongeza kwa Kilatini: tafadhali, tangazo hili liachwe hapa lilipo. Miaka mia tano na ushee kabla ya ukuta wa jirani yako ulioandikwa USIBANDIKE MATANGAZO, mwenzetu alikuwa tayari anawabembeleza wabanduaji! Na amesikilizwa kidogo, kwani nakala mbili zimesalia hadi leo, moja Oxford, nyingine Manchester.

Kinachonifanya nimpende Caxton ni sentensi moja ya katikati. Anasema vitabu hivyo vimechapwa kwa herufi kama za tangazo lenyewe. Fikiria, watu walikuwa wamezoea vitabu vya kuandikwa kwa mkono, na hiki kitu kipya cha mashine mnunuzi anakitilia shaka. Caxton hakumwapia. Alimpa mkononi kipande cha kile atakachokipata, aone wino na herufi mwenyewe. Wauza nanasi wa stendi ya Msamvu wanakata kipande wanakupa uonje, na yeye alifanya hivyo hivyo. Kile kijikaratasi kilikuwa kionjo.

Mimi somo hilo nilijifunza bila Caxton, na kwa hasara. Unakumbuka ile meza yangu ya vitabu Morogoro, karibu na stendi? Miezi ya mwanzo nilichora bango kubwa: VITABU BORA KWA BEI POA. Watu walipita kama wanapita kaburini. Siku moja upepo ukafungua riwaya moja iliyokuwa imechanika gamba, nikaitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, ikae wazi, nitafute gundi. Konda mmoja akasimama, mkono umeshika noti zilizokunjwa baina ya vidole, akasoma ukurasa wa kushoto, akasoma wa kulia. Basi likapiga honi, akaondoka. Kesho yake asubuhi akarudi, akaniambia, "Mzee, nifunulie." Nikafunua. Siku ya tatu nikakataa. Alitukana kidogo, akalipa. Tangu hapo kamba ile haikukosa vitabu vitatu vinne vimetandazwa kama samaki wa kukausha, na kila kimoja nimekifungua pale ambapo mambo yanakaribia kuharibika.

Wapo waliotumia ujanja mwingine. John Newbery wa London, mwaka 1744, aliuza kijitabu cha watoto kwa peni 6. Ukiongeza peni 2, mvulana anapata mpira, msichana anapata kimto cha kuchomekea pini, upande mmoja chekundu, mwingine cheusi. Mtoto akifanya jema pini inachomekwa kwenye wekundu, akikosea kwenye weusi. Mzazi hapo ananunua kitabu au ananunua adabu? Newbery huyo huyo alikuwa pia muuzaji wa dawa ya homa ya Dk. James, na katika hadithi ya watoto aliyoitoa mwaka 1765, baba wa msichana mhusika mkuu anakufa kwa homa mahali ambapo, kwa bahati mbaya kabisa, dawa ya Dk. James haikupatikana. Nilicheka sana niliposoma hilo. Kisha nikaona si la kucheka, mtoto anafiwa na baba ili dawa iuzwe.

Sasa tuje kwenye jalada lako la nyuma, na zile sifa za profesa wako, na usinikasirikie. "Riwaya inayoelimisha, kuburudisha na kuonya." Maneno hayo nimeyaona kwenye vitabu vingi mno, nadhani wachapaji wanayo yamekaa tayari. Walt Whitman wa Marekani alikuwa na ujasiri zaidi. Mwaka 1855 mwanafikra maarufu Emerson alimwandikia barua binafsi ya kumsifu kwa diwani yake ya kwanza. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1856, sentensi moja ya barua ile ilikuwa kwenye mgongo wa jalada la kitabu, kwa herufi za dhahabu, na jina la Emerson chini yake. Ruhusa hakuomba. Na kabla ya hapo alikwishaandika magazetini uhakiki usio na jina akijisifu mwenyewe. Sikutumi ukaibe barua za watu, lakini angalau Whitman aliweka sentensi ambayo mtu fulani aliiandika kwa mkono wake, tena akiwa amekisoma kitabu. Yule profesa wako alikisoma?

Ninayemwonea wivu hasa ni msomaji mmoja wa Kenya ambaye jina lake halijulikani. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa riwaya yake ya Kikuyu mwaka 1980, ile aliyoianza gerezani Kamiti kwenye karatasi za chooni, watu waliisoma kwa sauti majumbani na kwenye baa. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba baa zilipata wasomaji wao maalumu. Msomaji anasoma, watu wametulia, na glasi yake ikikauka anaweka kitabu chini. Hasemi neno. Wanamjazia, anaendelea. Nchi nzima ya matangazo ya redio isingeweza kufanya kazi ya glasi ile tupu.

Kwa hiyo stetasi yako ya WhatsApp, ile picha ya jalada na "Kitabu changu kimetoka, karibuni sana", iondoe. Nimeutazama mswada wako tena jana usiku. Badala ya picha hiyo weka ukurasa wa 37, pale mama mkwe anapochukua ufunguo shingoni mwa marehemu na kupiga magoti mbele ya sanduku. Usiweke hata mstari mmoja zaidi ya hapo.

Jumamosi panda basi la asubuhi, uje na nakala kumi. Zile za boksi la chini ambazo unasema jalada limepinda kwa unyevu, zilete hizo hizo, ndizo za kutundika. Kamba ninayo. Vibanio mwombe mama yako, mwambie vya mbao, vya plastiki vinakatika na jua la huku. Jioni tutakwenda kwenye baraza la kahawa la mzee jirani. Utasoma wewe, mimi nitanunua kikombe cha kwanza tu.

Mjomba wako