Kikao cha SEAP sasa ni Jumamosi

Habari za jioni wahandisi wenzangu. Kikao cha Ijumaa cha SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu, kimesogea hadi Jumamosi saa 4 asubuhi, palepale kantini. Wenzetu wa saiti wanamwaga zege Ijumaa.

Njooni na:
1. Logibuku (daftari la kumbukumbu za kazi), hata kama haijajaa. Miaka 3 ya SEAP haijazwi usiku mmoja. Mimi nilijaribu kujaza miezi minne, msimamizi akanirudishia yote wino haujakauka.
2. Nakala ya cheti cha mhandisi mhitimu cha ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi).
3. Sh 5,000 ya chai, imfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi.

Dada yetu aliyesajiliwa juzi kuwa mhandisi mtaalamu atatuonyesha ripoti yake.

Tafadhali jibuni "Nipo" au "Sipo" kabla ya kesho saa 2 usiku, nijue idadi ya chapati.