Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: alkoblo, mashine ya kupima pombe kwenye pumzi ya dereva, ije alfajiri

Mheshimiwa Waziri,

Nauza chai na mandazi kwenye stegi ya matatu. Jiko nawasha saa kumi alfajiri, na madereva wa zamu ya kwanza ndio wateja wangu wa kwanza. Aliyelala namjua, na aliyekesha baa namjua. Aliyekesha huagiza chai ya rangi yenye ndimu tele, bila mandazi, na kikombe hukishika kwa mikono miwili. Kisha hutafuna karafuu, hupanda matatu ya abiria 14, na makanga huanza kuita.

Saa hizo alkoblo yenu imeshaenda kulala. Barabara yetu huwekewa kizuizi Ijumaa na Jumamosi usiku, hatua chache kutoka baa, na kabla koni hazijapangwa habari imeshazunguka kwenye simu. Wengine hupita njia za panya. Wengine huagiza chupa nyingine wakingoja askari waondoke, na hao ndio ninaowapikia chai asubuhi.

Siwasemi watoto wa wenyewe. Mwaka jana mwanangu, dereva, aliacha kunywa saa nane usiku, akasimamishwa saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa bahati tu, kikosi kilichelewa kufunga kazi. Mashine ikasoma 0.48. Kanuni za mwaka 2011 zinaruhusu mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, ambayo kwenye kioo cha mashine ni 0.35. Na alikuwa ameoga, amekunywa vikombe viwili vya chai yangu. (Dawa hiyo nimeiuza miaka mingi. Ini halina haraka, hata ulimwagie ndimu gunia zima.)

Kortini nilikaa benchi la nyuma. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinasema faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, na leseni kuzuiwa miezi 12. Alikiri. Faini tulimchangia, kwa hiyo haikumuuma sana. Leseni hakuna wa kumchangia. Mwaka mzima aliosha magari aliyokuwa akiyaendesha.

Wenzake walisema angepata wakili mzuri angechomoka, na sikuweza kuwabishia. Kifungu hicho hakitaji namba yoyote. Kinauliza kama dereva alilewa hata akashindwa kulimudu gari. Namba iko kwenye kanuni, nazo Mahakama ya Rufaa ilizikosoa mwaka 2017. Peleka namba hiyo Bungeni, Mheshimiwa, iandikwe ndani ya sheria yenyewe.

La pili halihitaji Bunge. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, iko chini yako, na polisi wa trafiki mnafanya nao kazi. Waje stegi saa kumi na moja alfajiri, siku isiyojulikana, gari likiwa bado tupu. Kila dereva afunguliwe mrija mpya akiona, apulize, apewe karatasi yenye namba yake. Anayezidi asiguse usukani, hata kama mwenye gari anapiga simu.

Siku ya kwanza nitapoteza wateja watatu au wanne, nawajua. Lakini kuna kijana amerudi stegi mwezi uliopita, siku hizi anaagiza chai ya maziwa na mandazi manne. Zamu yake ya kupuliza ikifika nitaacha jiko, nije nisome hiyo namba mwenyewe.

Wako,
Mama Chai wa stegi