Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Haidrojeni ya Tanga ianze na mbolea

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Nakuandikia kuhusu haidrojeni ya kijani, yaani gesi inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua au upepo, ambayo siku hizi inasifiwa kuwa mkombozi wa visiwa. Hoja yenyewe inavutia: kisiwa kina jua, upepo na bahari, basi kipasue maji kwa umeme wa jua, kihifadhi gesi, na usiku kiigeuze gesi hiyo kuwa umeme. Kwa jirani zetu wa Pemba, naomba usiikubali.

Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kunakula uniti 50 hadi 55 za umeme. Ndani ya kilo hiyo kuna nishati ya uniti kama 33, na ukiirudisha kuwa umeme unabaki na uniti 16 hivi. Ni sawa na kubadilisha shilingi kuwa dola, kisha dola kuwa shilingi: kila ukipita dirishani unakatwa. Betri ukiipa uniti 50 inakurudishia zaidi ya 40. Kwa taa za usiku Wete na Chake Chake, hapo hakuna ubishi.

Wanaoipigia debe hupenda kutaja visiwa vya Orkney, Uskochi. Ni kweli, kisiwa cha Eday kimetengeneza haidrojeni na kuivusha kwa feri hadi mji wa Kirkwall, ikazalisha umeme wa meli zilizotia nanga. Lakini Orkney walikuwa na upepo wa ziada, na waya wa kuutoa umeme visiwani haukutosha. Mitambo ya upepo ilikuwa inazimwa huku upepo unavuma. Pemba ni kinyume chake. Tangu 2010 wanaletewa umeme kutoka huku kwetu kwa waya wa chini ya bahari, kilovolti 33, uwezo megawati 20. Kabla ya hapo walitegemea jenereta za dizeli. Wanachohitaji ni waya mwingine, pamoja na sola na betri kisiwani kwao. Najua TANESCO inawauzia ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, kwa jumla na kwamba Zanzibar wana waziri wao wa nishati, lakini waya unaanzia upande wako.

Sasa, sisemi haidrojeni haina kazi. Ina kazi ambayo betri haiwezi kuifanya: mbolea. Haidrojeni ikiunganishwa na naitrojeni ya hewani inakuwa amonia, na sehemu kubwa ya amonia duniani huishia shambani. Leo haidrojeni hiyo hutolewa zaidi kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Amonia inasafirishika pia: inakuwa kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, wakati haidrojeni yenyewe inataka nyuzi 253 chini ya sifuri. Na hapa Tanga tuna jambo ambalo sijasikia likisemwa. Ili amonia iwe mbolea ya urea inahitaji kaboni dioksaidi, na tanuri za saruji hutoa hewa hiyo kila mawe ya chokaa yanapochomwa. Viwanda vya saruji tunavyo, bandari tunayo, na wakulima wa Lushoto na Korogwe hawako mbali. Hewa ya tanuri itabidi isafishwe kwanza, na ile kaboni hatimaye itarudi angani urea ikishamwagwa shambani, kwa hiyo asije mtu akatuambia ni dawa ya kila kitu. Ila ni biashara inayostahili kupigiwa hesabu.

Kuhusu maji ya mtambo, yasichotwe kwenye bwawa la Mabayani linalolisha mji wetu. Mwaka 2024 Tanga UWASA iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji kwa miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kupanua huduma ya maji. Haitakuwa haki mabomba hayo yaishie kwa mwekezaji. Kutoa chumvi kwenye lita elfu moja za maji ya bahari kunahitaji uniti tatu au nne tu, gharama ndogo mno kwa mtambo wa aina hii.

Kwa hiyo ninaomba hivi: mwekezaji yeyote atakayekuja na mradi wa haidrojeni pwani hii aje na jua lake au upepo wake, asichomoe kwenye gridi inayolisha Pemba. Bei atakayouziwa uniti itangazwe, tuilinganishe na ya Luku zetu. Na sehemu ya mbolea iuzwe hapa nchini kabla ya meli kupakiwa. Masharti hayo yaandikwe kwenye mkataba, na tuyasikie Bungeni utakaposoma bajeti ya wizara.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi umeme, Ngamiani, Tanga