Albamu isiyo na kibwagizo ipimwe kwa kipimo chake

Mhariri,

Uhakiki wenu wa Music for Airports, albamu ya mwanamuziki wa Uingereza Brian Eno ya mwaka 1978, umeikosoa kwa mambo matatu: haina kibwagizo, nyimbo zake zimepewa namba badala ya majina, na eti hakuna kinachotokea. Mawili ya kwanza ni mepesi. Kibwagizo hakuna aliyekiahidi, na namba zinaonyesha mahali kipande kilipo kwenye santuri: 2/1 ni cha pili, upande wa kwanza.

La tatu linataka hesabu. Katika 2/1 wanawake watatu wanaimba noti mojamoja. Kila noti ilirekodiwa kwenye utepe wake, ncha zikaungwa, ukawa lupu, yaani kitanzi kinachojirudia. Eno alieleza mwaka 1996 kwamba lupu moja ilirudi kila sekunde 23.5 na nyingine kila sekunde 25.875. Zikianza pamoja, ya pili inazidi kuachwa kwa sekunde 2.375 kila mzunguko, na hazianzi tena pamoja mpaka zipite dakika 81. Kipande chenyewe hakifiki dakika kumi! Hapo tumehesabu lupu mbili tu. Mpangilio unaousikia dakika ya pili hutausikia tena, ingawa noti ni zilezile.

Prodyuza wetu anayetaka kujaribu azime kwanza gridi ya programu yake, maana kompyuta hupenda kulazimisha kila lupu ifuate mapigo. Akichagua sekunde 20 na 30, zitakutana kila dakika moja na msikilizaji atashtukia mchezo mapema. Enzi za utepe kazi ilikuwa ya mikono: kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, lupu ya sekunde 23.5 inakula karibu mita tisa. Katika studio ya prodyuza Conny Plank, Ujerumani, tepe zilizungushwa kwenye miguu ya viti vya chuma. Utepe ukilegea, sauti inayumba.

Vimya virefu navyo vina kazi. Eno alitaka muziki wa uwanja wa ndege, unaoweza kukatizwa na tangazo bila kuharibika na usiogombana na mazungumzo ya abiria. Mwaka 1980 ulipigwa katika jengo la abiria la Marine Air Terminal, uwanja wa ndege wa LaGuardia, New York.

Mhakiki wenu ana wenzake. Mwaka 1979 Michael Bloom wa jarida la Rolling Stone naye aliona albamu haina mwelekeo. Mhakiki Robert Christgau aliipa alama B, lakini njia yake ndiyo ya kuigwa: aliijaribu wakati wa besiboli, kwenye chakula cha jioni kwa wazazi wake, na akiwa anaandika, kisha akasema wapi ilifaa na wapi haikufaa. Mwaka 2016 tovuti ya muziki ya Pitchfork iliiweka ya kwanza kati ya albamu 50 bora za ambienti, yaani muziki tulivu wa kujaza mazingira.

Anayetaka kuihakiki upya asitumie spika ya simu, kwani inapoteza sauti za chini. Atumie spika mbili, sauti iwe chini kiasi kwamba mtu anaweza kuongea bila kupaza. Azime kitufe kinachochanganya mpangilio wa nyimbo na kile kinachofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, kwani hicho cha pili kinameza ukimya wa mwisho. Faili lililobanwa sana huharibu mikia ya mwangwi, ikasikika kama maji yanayobubujika. Asikilize mara mbili, moja akiwa na shughuli, nyingine ametulia.

Udhaifu upo, ila mhakiki hakuugusa. Kipande cha 2/2 ni sinthesaiza ya ARP 2600 peke yake, kinapendeza lakini kimelainishwa mno, na baada ya sauti za watu katika 2/1 na 1/2 kinasikika kama pambo. Hapo angekosoa, tungemuunga mkono.

Mafundi wa sauti,
Morogoro